Tuisheni Nyumbani kwa Adui wa Tuisheni

Msomaji, wiki iliyopita tuliachana vibaya. Wewe ulikunja gazeti ukaenda zako, mimi nikabaki nimelala chali chini ya sinki la watu, spana mkononi, miguu imetokeza nje kama ya maiti aliyesahauliwa.

Kama hukuwepo, habari ni hii. Nilikuwa mwalimu wa kemia. Nilifukuzwa kwa kosa la kufundisha tuisheni majumbani, jambo ambalo Mwalimu Mkuu wetu analichukia kuliko wizi. Sijakaa sawa, mke wa Mkuu huyohuyo akanipigia simu. Binti yao wa kidato cha nne anazama kwenye kemia, nije nimfundishe nyumbani, alasiri, kabla baba mtu hajarudi. Ningekuwa na haya ningekataa. Nilikwenda, tena nilifika mapema.

Mambo yakanyooka, mpaka alasiri ile Mkuu aliporudi kabla ya wakati wake. Mkewe akanisukuma jikoni, akanitia spana mkononi, akatangaza kwamba mimi ni fundi bomba.

Sasa tuendelee.

Viatu vya Mkuu viliingia jikoni vikasimama karibu na mbavu zangu. Vilikuwa viatu vyeusi vilivyong'arishwa mpaka niliona spana yangu ndani yake.

"Fundi," akasema.

"Mm."

"Tatizo nini?"

"Mm."

"Haongei sana," mkewe akadakia. "Lakini mikono yake, baba watoto, usiseme."

"Afadhali. Mafundi wa siku hizi ni midomo tu."

Hakuinama kunitazama, na hilo ndilo lililoniokoa. Mtu huyu tumekaa naye ofisi moja miaka, anajua hata ninavyokohoa. Lakini fundi kwake hana uso. Fundi ana miguu, na miguu yenyewe ni ya kuangalia kama imechafua sakafu.

Akavuta kiti, akakaa, akaanza kuzungumza na miguu yangu.

"Fundi, una watoto?"

"Mm-mm."

"Siku ukiwapata, usiwatafutie mwalimu wa nyumbani. Wale ni wezi. Asubuhi anafundisha nusu, nusu ya pili anaificha akaiuze jioni. Mimi nilikuwa na mmoja pale shuleni, wanafunzi walimwita Asidi. Nikamtupa nje."

Asidi ni mimi. Spana iliniponyoka ikanipiga kwenye paji la uso.

"Pole," miguu ikaambiwa. "Sasa sikia maajabu. Tangu nimtoe, darasa zima limepanda kemia. Binti yangu mwenyewe alikuwa analeta alama za kuficha, leo anaongoza. Mwalimu mpya ni jembe."

Jembe hilo ninalijua. Wanafunzi wanamwita Gazeti, kwa sababu huingia nalo darasani, hulifungua, na kengele ikilia hulikunja akatoka. Kama leo ana kipindi, basi muda huu anasoma habari zake mwenyewe. Namsalimu.

Nilinyamaza. Naapa nilinyamaza, na ningenyamaza mpaka mwisho kama Mkuu asingeamua kunifundisha kazi.

"Wewe hutumii akili," akaniambia. "Bomba likiziba unamwaga kostiki, ile dawa ya kuzibulia, halafu unamwagia siki juu yake. Vikikutana, nguvu inakuwa mara mbili."

Kuna watu hawawezi kuona picha imekaa upande ukutani wakaipita. Mimi ugonjwa wangu ni huo, ila wangu uko kwenye kemia.

"Nguvu haiwi mara mbili," nikaisikia sauti ikitoka chini ya sinki, na sauti ilikuwa yangu. "Kostiki ni besi, siki ni asidi. Vinauana. Unabaki na maji, na chumvi, na bomba lako limeziba vilevile. Tusikilizane, wenzangu."

Hilo la "tusikilizane, wenzangu" ndilo nililokuwa nikifungia kila kipindi. Shule nzima ililijua. Walinzi wa getini walikuwa wakiniigiza.

Mke wa Mkuu akakumbuka ghafla kwamba ana nguo kwenye kamba, akatoka nje.

"Asidi," Mkuu akasema taratibu. "Toka humo."

Nilitoka kinyumenyume, makalio mbele, kichwa mwisho. Sijui njia ya heshima ya kutoka chini ya sinki. Nikasimama, nimelowa jasho, nikangojea kelele.

Hakupiga kelele. Alifunga mlango wa jikoni, akanitazama kutoka juu mpaka chini, kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akatabasamu.

"Kwa hiyo aliyempandisha binti yangu ni wewe."

"Ni yeye mwenyewe, Mkuu. Ana akili."

"Acha kunipaka mafuta. Nani anajua?"

"Yeye na mama yake."

"Majirani?"

"Wataambiwa mimi ni fundi."

"Basi endelea kuwa fundi."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Jumamosi ni siku ya wazazi," akasema. "Bodi nzima ya shule inakuja. Nimeshawaahidi kwamba binti yangu atafanya jaribio la asidi na besi mbele ya ukumbi, waone shule isiyo na tuisheni inazaa watoto wa namna gani. Siwezi kurudi nyuma. Mmalizie."

"Halafu?"

"Halafu muhula ujao unarudi kazini kwako. Gazeti nitampa michezo."

Kumbe naye alimwita Gazeti. Kumbe alijua kila kitu, ila alikuwa anakijua kimya kimya.

"Sharti moja," akaongeza. "Mke wangu asijue kwamba nimekutambua. Mwambie umeniponyoka. Yule mama anachukia tuisheni kuliko mimi. Kwani unadhani nani alinichongea habari zako? Alinitajia nyumba zako moja moja, kwa uchungu, karibu alie. Leo anakuficha jikoni kwangu. Nikimshika kwenye hili itabidi tuzungumze, na sisi tumeshazoea kutozungumza."

Nilisikia neno moja tu katika yote hayo. Nikauliza, "Mkeo ndiye aliyenisema?"

"Nani mwingine?"

Nikaondoka na spana ya watu mkononi.

Njiani kichwa kilikuwa kinaniwanga. Nilikuwa namkumbuka yule mama, muda mfupi kabla sijafukuzwa, amenisimamisha kwenye geti la shule na kuniomba nimchukue binti yake. Enzi hizo nilikuwa na nyumba sita za kufundisha na mabega yangu yalikuwa juu. Nilimjibu bila hata kusimama vizuri: "Mama, nafasi zimejaa."

Hazikupita siku nyingi nikaitwa ofisini.

Kesho yake nilibisha hodi nikiwa nimejiandaa kugombana. Mama mwenyewe alifungua, akachungulia nyuma yangu kushoto na kulia, akanivuta ndani.

"Alikutambua?"

"Hapana," nikasema. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku hiyo. "Alinitukana kidogo kuhusu bomba, akaniacha."

"Nilijua. Mume wangu hata mimi hanitambui nikivaa kilemba kipya."

Akarudi kwenye kochi, akaendelea kukunja shuka. Nikamsimamia.

"Mama, ni wewe uliyenisema kwa Mkuu?"

Msomaji, nilitegemea ashtuke. Nilitegemea aape. Yeye alilinganisha pembe za shuka, akazipiga kwa kiganja zikalala.

"Mwalimu, uliniambia nafasi zimejaa."

"Ndiyo."

"Nikazipunguza."



"Mama, nilipoteza kazi."

"Ukapata muda."

"Sasa hivi ninalala kwenye kochi la dada yangu. Shemeji asubuhi anapangusa vumbi ananipangusa na mimi."

"Na binti yangu anaongoza darasa. Kaa, Mwalimu, tuongee kama watu wazima. Ulikuwa na watoto sita wa watu. Wangu ungempa nini, masalio? Ulipofukuzwa wale wazazi wote walikukimbia, wakaogopa wasionekane na wewe. Nani alibaki? Nani alikupigia simu?"

"Wewe."

"Basi."

Alisema "basi" kana kwamba ananidai shukrani, na balaa ni kwamba nilikaribia kumpa.

"Jambo la mwisho," akasema, akichukua shuka nyingine. "Nisikie hata fununu kwamba unataka kurudi pale shuleni. Mimi mdomo ninao, na mume wangu masikio anayo. Ukirudi kule, huyu wangu atabaki na nani? Na Gazeti?"

Pima mwenyewe nilivyobanwa. Mume ananiahidi kazi ila mke asijue. Mke ataning'oa tena nikiipokea, ila mume asijue kwamba nipo. Mtu mwenye uti wa mgongo angewaachia nyumba yao, kemia yao na sinki lao. Mimi nikauliza kama binti amesharudi.

Binti alikuwepo, mezani, vitabu vimeshafunguliwa. Nyumbani na shuleni wote wanamwita Chiriku. Akiamka anaanza kuongea, na watu wa nyumba ile hujua amelala pale kunapokuwa na ukimya.

"Shikamoo, Mwalimu Fundi."

"Marahaba. Moli ni nini?"

"Mwalimu, hata maji hujanywa. Baba jana usiku alikuja chumbani kwangu akaniambia anajua kuhusu wewe, nisimwambie mama. Asubuhi mama akaniambia anadhani umemponyoka baba, nisimwambie baba. Mimi sasa nimekuwa sanduku la siri."

"Moli," nikasema.

"Moli ni namba, Mwalimu, tunaitumia kuhesabu vitu ambavyo ni vidogo mno."

"Kama nini?"

"Hapo ndipo hupotea."

Nikamwambia asahau kitabu. Moli ni kama dazeni. Dazeni ya mayai ni kumi na mbili, dazeni ya matikiti ni kumi na mbili. Idadi ni moja. Lakini mayai utayabeba kwa mkono na matikiti utayatafutia mkokoteni. Ndivyo ilivyo moli ya kaboni na moli ya risasi: idadi sawa, uzito mbalimbali.

Kalamu yake ilikimbia. Midomo yake ilikuwa inatembea pamoja nayo, kama mtu anayejifunza kusema, siyo kuandika.

"Rudia polepole hapo kwenye matikiti," akasema. "Nyuma hawasikii."

Nikageuka. Nyuma yetu kulikuwa na kabati la vyombo.

"Nyuma wapi?"

Chiriku akaziba mdomo kwa mikono miwili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amenyamaza, na sikuupenda ukimya ule.

"Nyuma wapi, mwanangu?"

Akatazama mlango wa sebuleni, ambako mama yake alikuwa na shuka zake, kisha akasema kwa sauti ya chini.

"Karakana. Ile ya useremala, haitumiki siku hizi. Masomo yakiisha tunaingia darasa zima. Unachonifundisha leo, ninawafundisha kesho. Ninasimama kama wewe, mkono nyuma. Hata kukohoa kwako ninakukohoa, wasipocheka hawashiki."

"Darasa zima?"

"Wote. Na wa kidato cha pili wameanza kuchungulia dirishani."

"Wanakupa nini?"

"Sipokei kitu, Mwalimu." Akafikiri kidogo. "Mmoja ananiandikia historia. Mwingine jiografia. Kiswahili ninaandika mwenyewe, hicho siwezi kumwachia mtu."

Nilitaka kumkasirikia. Niliitafuta hasira yangu mahali nilipoiweka asubuhi, sikuikuta. Miaka yote ile nimezunguka nyumba sita kwa kujificha kama mgoni, nikifunga milango ili kemia isivuje, na mtoto huyu ameimwaga yote bure, au kwa insha ya historia. Yale maajabu Mkuu aliyoisimulia miguu yangu, darasa zima kupanda, yalikuwa yeye.

"Mbona unanitazama hivyo?" akauliza.

"Vumbi. La kwa shemeji."

"Mwalimu, usimwambie mtu. Hata baba, hata mama. Niahidi."

Nikamwahidi. Nilimwahidi nikiwa nimemtazama machoni, na ninataka ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma, kwa sababu mimi nililisahau.

Jumamosi ikafika.

Mkuu alikuwa ameniambia nisionekane. Mama Chiriku naye alikuwa ameniambia nisionekane. Ni jambo pekee walilokubaliana, bila kujua kwamba wamekubaliana. Mtu mwenye akili angebaki kwa dada yake akasaidia kumenya viazi. Lakini nilitaka kuona kazi yangu jukwaani. Nikavaa kofia ya shemeji, nikaishusha mpaka kwenye nyusi, nikajibanza safu ya mwisho, pembeni ya baba mmoja mnene aliyekuwa anajipepea kwa ratiba ya shughuli.

Mkuu alipanda jukwaani kwa suti. Alizungumza juu ya nidhamu, juu ya vyoo vipya, kisha akafika alikokuwa anakwenda.

"Wazazi, katika shule hii hakuna tuisheni. Yeyote anayefundisha pembeni ya darasa, mkubwa au mdogo, wa nje au wa nyumbani mwangu, akapokea chochote, hana nafasi hapa. Mmoja nilimtoa. Akitokea mwingine, geti ni lilelile."

Ukumbi ukapiga makofi. Aliyepiga zaidi alikuwa mkewe, safu ya mbele, bangili zinalia.

Pembeni yake alikaa mwenyekiti wa bodi, mama mmoja nesi mstaafu, mwembamba, mkoba magotini. Huyo hakupiga. Alikuwa anamsikiliza Mkuu kama anavyosikilizwa mgonjwa anayesema haumwi.

Chiriku akaingia na sare iliyopigwa pasi na tai iliyonyooka. Mezani kulikuwa na bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye bomba chini, kwenye kishikio chake, chupa mbili na kichupa cha kiashirio, dawa inayobadili rangi. Akaeleza kila hatua kwa sauti inayofika nyuma. Kwenye chupa kuna besi, akasema, na kiashirio kimeipa rangi ya waridi. Bureti ina asidi. Akafungulia bomba la bureti tone kwa tone, mkono mwingine ukizungusha chupa, na ukumbi ukaacha kukohoa. Tone moja likaanguka, rangi ikapotea. Palepale, kama haikuwepo.

Makofi yakalipuka. Gazeti akainuka alipokuwa amekaa, kando ya mashine ya spika, akainamia watu kabla hajaitwa na mtu.

Mwenyekiti akasimama. Maikrofoni hakuihitaji, watu walinyamaza wenyewe.

"Umefanya vizuri, mjukuu wangu," akasema. "Nimeona wengi wakikariri. Wewe umeelewa. Nani amekufundisha?"

Chiriku akamtazama babake.

"Jibu, mwanangu," Mkuu akasema, amejaa tabasamu.

"Nijibu lipi, baba? Lile la kwako au lile la mama?"

Ukumbi ukacheka. Walidhani ni utani wa watoto. Lakini mimi niliwaona wale wawili. Mkuu alimgeukia mkewe, mkewe akamgeukia Mkuu, na kila mmoja akaona usoni mwa mwenzake kwamba anajua. Ndoa ya miaka yote hiyo ikasomwa kwa mara ya kwanza, mbele ya watu.

Mwenyekiti hakucheka. "Nipe lile la kweli," akasema.

Chiriku akainua macho, akapitisha juu ya vichwa vya watu, safu kwa safu. Alikuwa ananitafuta. Sidhani alitaka kunitaja, alitaka tu kuona mtu mmoja anayemwelewa. Lakini macho yake yakatua kwenye kofia ya shemeji, na macho ya ukumbi yakayafuata.

"Huyu si Asidi huyu?" akauliza mama mmoja mbele yangu.

"Ndiye," akasema baba mnene, akinikagua kwa karibu. "Ndiye kabisa."

"Mpeni maikrofoni," mwenyekiti akasema.

Ikaanza safari, mkono kwa mkono, kuja nyuma. Nikavua kofia. Nikisema nilimfundisha mimi, kazi ya Mkuu imekwenda na nyumba ya mkewe imekwenda. Nikisema sikumfundisha, Gazeti anachukua sifa zote na ameshaanza kuinama. Maikrofoni iliponifikia, nikaona njia ya tatu. Na niliiona nzuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, msomaji, kwamba niliiona nzuri.

"Shikamooni, wazazi," nikasema. "Mimi sikulifundisha darasa hili. Mimi nilishatoka. Darasa hili limefundishwa na mwanafunzi mwenzao, kila siku baada ya masomo, kwenye karakana. Anawafundisha wote. Ni huyo hapo mbele yenu. Mpigieni makofi, siyo mimi."

Wanafunzi walisimama kwenye viti wakashangilia. Wazazi wakafuata. Mkuu akashusha pumzi. Bangili za mkewe zikalia tena. Gazeti akakaa chini. Nikajiona shujaa: sikudanganya, na nimemwokoa kila mtu pamoja na mimi mwenyewe.

Ushujaa wangu ulidumu kadiri ya makofi yale.

Baba mnene alikuwa amekunja uso. "Ndiyo maana," akasema kwa sauti. "Mwanangu kila jioni anaandika insha mbili za historia. Nikimuuliza, anasema moja ni ya deni."

"Ni ya Chiriku, mzee," akajibu mwanafunzi mmoja kwa moyo mweupe kabisa. "Ndiyo malipo yake."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akangoja wamalize. Akafungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa, akamgeukia Mkuu.

"Mkuu, nimefurahi sana. Nina swali dogo tu la utaratibu. Umetuambia sasa hivi, anayefundisha pembeni ya darasa akapokea chochote, mkubwa au mdogo, hata wa nyumbani mwako, hana nafasi. Wengi humu ndani watoto wao walinyang'anywa mwalimu kwa sheria hiyo. Mimi mjukuu wangu ni mmoja wao. Bodi inasubiri kusikia utafanya nini."

Hakuna aliyecheka tena.

Nilimwona Mkuu anavyopiga hesabu. Akimsamehe bintiye, itabidi aeleze kwa nini hakunisamehe mimi, na wazazi wote wale wako palepale wanamtazama. Asipomsamehe, ni mwanawe. Mkewe alikuwa amesimama nusu, mkono mmoja kwenye kiti, rangi imemtoka.

Nikainua maikrofoni. "Subirini. Mimi ndiye niliye..."

Haikutoa sauti. Gazeti alikuwa amesimama kando ya mashine ya spika, waya mkononi, na kwa mara ya kwanza muhula ule alikuwa amefanya kazi.

Nikapaza sauti yangu mwenyewe, nikasema ni mimi, ni mimi niliyemfundisha, mtoto hana kosa. Lakini ukumbi ulikuwa umeshachafuka, wazazi wanabishana wao kwa wao, wengine wanataka sheria ifuatwe, wengine wanataka ifutwe, na sauti yangu ikawa moja kati ya nyingi.

Chiriku peke yake ndiye aliyenisikia. Alinitazama. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Alinitazama kama mwanafunzi aliyefungua nyuma ya kitabu akakuta jibu lililochapwa siyo sahihi.

Kisha akamgeukia babake. Akavua tai ya shule, akaikunja taratibu, akaiweka mezani kando ya bureti, akarudi nyuma hatua moja na kusubiri kuona kama baba ataichukua na kumfukuza, au atamrudishia.